Karakana ya Chapa, Maonyesho ya Wanachama na Tuzo Zake

Kwetu pwani neno chapa lina kazi nyingi. Kuna chapa ya kanga na chapa ya bidhaa, kitabu hupigwa chapa, na mtoto mtundu naye huchapwa. Huku Eldas, kaunti ya Wajir, ninakofanya kazi, chapa ya kwanza mtu anayoifikiria ni ya ngamia: alama ya moto shingoni, shavuni au pajani, ambayo Wasomali huiita sumad, na mfugaji akiiona kwa mbali anajua mnyama ni wa watu gani. Leo nataka kueleza chapa ya namna nyingine, yaani picha inayochongwa juu ya kibao, ikapakwa wino, ikakandamizwa kwenye karatasi. Nataka hasa kueleza jinsi watu wanaoifanya kazi hiyo chini ya paa moja wanavyoonyesha walichokifanya mara moja kwa mwaka na kutuzana.

Swali ninaloulizwa na vijana, wa hapa na wa Mombasa, ni lile lile: kama picha moja hutolewa mara ishirini, ipi ndiyo yenyewe? Jibu ni kwamba zote ishirini ni zenyewe, mradi msanii aseme kweli kuhusu idadi. Maonyesho ya wanachama yapo kwa sehemu kubwa ili kulilinda jibu hilo.

Tuanze na karakana. Mchoraji wa rangi anaweza kufanya kazi chumbani kwake peke yake. Mpiga chapa hawezi kwa urahisi, kwa sababu mashine ya kukandamiza karatasi ni chuma kizito na ghali, na pamoja nayo zinahitajika rola, meza ya wino, kamba za kuanikia karatasi na mahali pa kuhifadhi vibao. Ndiyo maana kote duniani sanaa hii imezaa vikundi. Watu hutoa ada, mashine ikawa ya wote, kila mmoja akapangiwa siku yake, na fundi mmoja mwenye ujuzi akafundisha wapya. Mwanachama hununua karatasi na wino wake, au huvichukua stoo na kuandikwa kwenye daftari.

Afrika Mashariki tunayo mifano yetu. Dar es Salaam ilikuwapo Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972 na mtawa wa Kimarekani, Sista Jean Pruitt, ikaungwa mkono na Mwalimu Nyerere. Wengi wanaikumbuka kwa vinyago na batiki, lakini ilikuwa na meza za chapa ya tindikali, na hapo ndipo watu kama Robino Ntila na Francis Imanjama walipojenga majina yao. George Lilanga, ambaye mashetani yake yenye masikio makubwa yanajulikana hadi Ulaya, alipitia hapo hapo. Kampala, Chuo Kikuu cha Makerere kimefundisha sanaa tangu Margaret Trowell alipoanza mwaka 1937, na Uganda imetoa wapiga chapa wazuri. Fred Mutebi ni mmoja wao, naye huchonga kibao kimoja hatua kwa hatua, akichapa rangi moja kisha kuchonga tena, hata mwisho wa kazi kibao chenyewe kikawa kimekwisha.

Nairobi kulikuwa na Kuona Trust, iliyoanza mwaka 1995 kwenye viwanja vya Makumbusho ya Taifa. Baadaye ikahamia GoDown, kisha Kilimani. Peterson Kamwathi, mmoja wa wasanii waliopitia hapo, alijulikana mapema kwa chapa za mbao za fahali, na kila ninapowaonyesha wafugaji wa hapa picha hizo kwenye simu huanza kwa kujadili afya ya mnyama kabla ya kujadili sanaa. Mwaka 2017 Kuona Trust ilisimama kwa matatizo ya fedha. Wasanii waliokuwa na vyumba pale hawakutawanyika; waliungana wakaendelea na mahali hapo kama kundi lao wenyewe. Nakitaja kisa hicho kwa sababu kinaonyesha tofauti kati ya karakana yenye wafadhili na karakana yenye wanachama. Mfadhili akiondoka, kinachobaki ni daftari la majina na mazoea ya kufanya mambo pamoja, na mazoea hayo hujengwa kwenye shughuli kama maonyesho ya mwaka.

Eldas hakuna karakana ya namna hiyo, na Lamu au Mombasa vijana wengi wanaochapa huchapa fulana kwa skrini. Lakini mali ghafi ya sanaa hii tunayo, tena ya zamani. Kanga za mwanzo zilipigwa chapa kwa vibao vya mbao kabla viwanda havijaichukua kazi, na Mombasa tumekuwa mji wa kanga tangu enzi za Kaderdina Hajee Essak, yule ambaye jina la Mali ya Abdulla limebaki pindoni hadi leo. Fundi wa milango wa Lamu ana patasi na mkono unaojua mbao inavyopasuka. Akipewa kibao bapa badala ya mlango, nusu ya somo ameshalimaliza. Huku kaskazini watoto wa dugsi bado huandika kwenye ubao wa mbao, looh, kwa wino wa masizi ya makaa, wakausafisha na kuandika upya, kama wazee wetu walivyofanya chuoni. Na gundi inayotoka kwenye migunga ya Wajir, ile wanayoikusanya wafugaji na kuiuza kwa kilo, ndiyo hiyo hiyo ambayo wapiga chapa wa mawe duniani kote huipaka juu ya jiwe ili wino ushike pale tu panapotakiwa. Mbinu hiyo ya jiwe ilibuniwa na Mjerumani Alois Senefelder mwishoni mwa karne ya 18. Yaani gundi inatoka huku, inasafirishwa kwa magunia, na inarudi kwetu ikiwa kwenye kichupa kidogo chenye bei kubwa.

Mbinu gani inafaa wapi? Hili lina uzito, kwa sababu watu huanza kwa kununua mashine kabla hawajatazama hali ya hewa. Chapa ya tindikali, ambayo mistari huchimbwa kwenye bamba la shaba au zinki na wino ukakaa ndani ya mifereji, huhitaji karatasi iliyoloweshwa, maji ya kusafishia, na mahali salama pa kumwaga tindikali. Eldas maji huletwa kwa boza miezi mingine, na sioni busara ya kuyatumia kuoshea mabamba. Chapa ya mbao au ya lino haihitaji haya. Karatasi hubaki kavu, wino hupakwa kwa rola juu ya sehemu zilizobaki zimeinuka, na kama mashine haipo, karatasi husuguliwa kwa nyuma kwa kijiko. Pwani upawa wa kifuu hufanya kazi hiyo vizuri sana, kwani mgongo wake umeviringana na hauchani karatasi. Kusafisha rola ni kwa mafuta ya kupikia na kitambaa.

Nafuu zaidi ni kadibodi. Windhoek, Namibia, kwenye kituo cha sanaa kilichopewa jina la John Muafangejo, wanafunzi wamefundishwa kwa miaka mingi kuchonga kadibodi za maboksi badala ya lino. Muafangejo mwenyewe, aliyefariki mwaka 1987, alijifunza chapa ya lino Rorke's Drift, Afrika Kusini, kwenye kituo kilichoanzishwa na Waswidi wawili, Peder na Ulla Gowenius, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mtu anayesema chapa ni sanaa ya matajiri na aangalie kazi zilizotoka kwenye maboksi hayo.

Pwani tatizo ni kinyume cha Eldas. Unyevu na chumvi hula chuma cha mashine, na picha ikigusana na kioo ndani ya fremu hupata ukungu kabla ya mwaka kwisha. Dawa yake ni ukanda wa karatasi nene kuizunguka picha, unaoiachia nafasi ya kupumua chini ya kioo. Huku adui ni vumbi. Chapa mbichi ikianikwa nje jioni ya upepo, asubuhi imekuwa msasa.

Sasa tuje kwenye namba. Msanii akimaliza kuchonga hutoa kwanza karatasi za majaribio, akitazama wapi wino umezidi na wapi patasi irudi. Akiridhika huamua idadi, tuseme 20, kisha hutoa zote zikiwa sawa kadiri mkono unavyoruhusu. Chini ya kila picha, kwa penseli, kushoto huandika namba kama 7/20, katikati jina la kazi, kulia sahihi yake. Penseli hutumika kwa sababu haivuji ndani ya karatasi na kwa sababu alama yake huonekana wazi kuwa ya mkono. Sahihi iliyotoka kwenye mashine ya ofisi haina mkwaruzo. Namba 7 haimaanishi kwamba picha hiyo ni bora kuliko ya 15. Inamaanisha tu kwamba zipo 20, na mnunuzi ameambiwa. Mbali na hizo, desturi humruhusu msanii kubaki na chache za kwake, huandikwa A/P. Ikifika mwisho, kibao hukwaruzwa mstari mkubwa katikati ili kisitoe tena, au hufungiwa stoo na kuandikwa.

Hapo ndipo udanganyifu huingia. Mtu anaweza kuuza 20 mjini, akachapa nyingine 20 kimyakimya kwa wageni wa hotelini. Au akapiga picha kazi yake, akaitoa kwa printa ya kompyuta, akaweka sahihi na namba, akaiita chapa. Mwenye macho atajua, kwa sababu chapa ya mkono huacha alama ya kukandamizwa unayoweza kuihisi kwa kidole nyuma ya karatasi. Lakini wanunuzi wengi hawajui. Akidanganya mmoja, bei ya wote inaanguka, kwani mnunuzi aliyeumwa hurudi nyumbani na kuwaambia wenzake kwamba watu wa karakana fulani ni waongo. Hatamtaja msanii kwa jina.

Maonyesho ya wanachama ni dawa ya hilo. Kila mwaka, wakati uliokubaliwa, kila mwanachama aliyelipa ada huleta kazi ya mwaka huo, na pamoja nayo huandikisha kwenye daftari la karakana jina la kazi, mbinu, idadi ya nakala na ngapi zimeshauzwa. Daftari liwe wazi mezani, mlango wa kuingilia, mgeni alifungue akitaka. Nimeona maonyesho mengi ya sanaa ambako kitu pekee kilichokuwa mezani ni soda.

Nani aonyeshe? Zipo karakana ambazo majaji huchuja kazi na kuzikataa nyingine. Kwa maonyesho ya wazi ni sawa, lakini kwa maonyesho ya wanachama naona ni kosa. Aliyelipa ada mwaka mzima, akafagia chumba kwa zamu yake, ana haki ya kutundika angalau kazi moja hata kama ni dhaifu. Majaji waachiwe tuzo peke yake. Ukuta ukichanganya kazi ya fundi na ya mwanafunzi wa miezi mitatu, mwanafunzi hujifunza zaidi kuliko kwa mawaidha ya mwezi mzima.

Kuna desturi nyingine ninayoipenda kuliko tuzo, nayo ni sanduku la kubadilishana. Wanachama hukubaliana ukubwa mmoja wa karatasi. Wakiwa 15, kila mmoja hutoa nakala 17: moja kwa kila mwanachama pamoja naye mwenyewe, moja ya stoo, na moja ya kuuzwa ndani ya sanduku kamili kwa ajili ya mfuko wa karakana. Kila mmoja anaondoka na kazi 15 za watu 15. Binti asiye na fedha ya kununua sanaa anaweza kuwa na mkusanyo mzuri kuliko wa meneja wa benki.

Kuhusu tuzo, mambo mawili huleta ugomvi: nani anahukumu, na zawadi ni nini. Mahali kama Eldas, ambako kila mtu anajua ukoo wa mwenzake, na hata Lamu, ambako kila mtu anajua mtaa wa mwenzake, jaji akiona jina ameshamaliza kazi kabla hajaitazama picha. Basi majina yafichwe. Kwenye chapa hili lina ugumu wake, maana sahihi iko juu ya karatasi yenyewe. Ukanda wa fremu ukatwe ushuke kidogo kufunika mstari wa penseli hadi hukumu itolewe, kisha ubadilishwe. Ni kazi ya nusu saa kwa fundi mmoja. Majaji wawe watatu, angalau mmoja mpiga chapa kutoka nje ya kaunti, na mmoja awe mtu wa mikono asiye msanii: mchonga milango, mshonaji, au mama anayesuka vyombo vya maziwa. Watu hao huona kazi iliyolipuliwa haraka kuliko mtu wa chuo kikuu.

Na majaji wasitazame nakala moja. Waombe mbili za kazi ile ile, kwa mfano ya 2 na ya 9, waziweke kando kwa kando. Hapo ndipo ufundi hujulikana. Mtu yeyote anaweza kubahatisha nakala moja nzuri. Kutoa tisa zenye weusi ule ule na pambizo safi ni kazi ya mtu aliyejifunza. Tuzo ya toleo lililo sawa ningeiweka juu ya tuzo ya picha inayovutia, ingawa najua wageni wa ufunguzi watapiga makofi zaidi kwa ile ya pili.

Zawadi ya fedha taslimu huisha wiki ile ile. Zawadi inayobaki ni ile inayozaa kazi: karatasi za mwaka, saa za mashine bila malipo, patasi nzuri, au nauli ya kwenda kukaa na karakana nyingine kwa wiki mbili. Ipo pia tuzo ya ununuzi, ambapo ofisi au shule huahidi mapema kununua kazi itakayoshinda na kuitundika. Hii ni nzuri kwa pande zote, ila bei iandikwe kabla ya hukumu, si baada yake.

Eldas na pwani zote zina suala la picha za viumbe, na sitalikwepa. Wapo wazazi ambao hawatamruhusu mtoto kuchonga sura ya mtu au mnyama, na karakana ya jamii ambayo haiwaheshimu itabaki na wanachama wanne. Ukweli ni kwamba uwanja uliobaki ni mpana: nakshi za milango, mapambo ya pindo za kanga, alama za sumad zenyewe, mpango wa visima na njia za mifugo, na khati. Khati ina mtihani wake. Kibao hutoa picha iliyogeuka kama kwenye kioo, hivyo herufi za Kiarabu, ambazo huanza kulia, huchongwa zikianza kushoto. Herufi ya ba ina nukta moja chini, na nukta moja iliyorukwa ukaigundua baada ya kuchonga haina dawa ila kibao kipya. Vilevile karatasi za majaribio zenye aya za Kurani hazitupwi kwenye pipa la wino na matambara. Kama maji ya kuoshea ubao wa chuoni yanavyomwagwa mahali safi, karakana iwe na sanduku maalumu la karatasi hizo na mtu wa kuziangalia. Jambo hili liandikwe kwenye kanuni siku ya kwanza, lisisubiri malalamiko.

Sheria nayo iko upande wa mpiga chapa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inataja kwa majina chapa za mbao, za mawe na za tindikali miongoni mwa kazi za sanaa zinazolindwa, na ulinzi huo hudumu maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Anayenunua nakala ya 7 amenunua karatasi ile. Hajanunua ruhusa ya kuichapa kwenye vikombe na mifuko. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliongeza haki nyingine, ya msanii kupata asilimia 5 kazi yake inapouzwa tena kibiashara. Daftari la maonyesho, lenye tarehe na idadi, ni ushahidi mzuri siku mtu atakapokuja na kesi.

La mwisho ni stoo. Johannesburg kuna karakana ya Artist Proof Studio, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Kim Berman na Nhlanhla Xaba. Mwaka 2003 iliungua moto. Xaba alifariki ndani yake, na kazi za miaka mingi zikawa majivu. Wenzake waliijenga upya. Chapa ina bahati ambayo mchoro wa rangi hauna, kwamba nakala zilizokwisha kuuzwa ziko salama kwenye kuta za watu, na daftari likiwa na majina ya wanunuzi zinaweza kutafutwa. Lakini daftari nalo huungua. Kwa hiyo baada ya kila maonyesho, kabla fremu hazijashushwa, nakala moja ya kila kazi iliyotuzwa na picha za kurasa za daftari zipelekwe jengo jingine: shule, maktaba ya kaunti, au karakana rafiki ya mji mwingine. Eldas ihifadhi za Lamu na Lamu ihifadhi za Eldas, zikiwa zimelazwa bapa kwenye boksi, karatasi safi katikati ya kila moja, mbali na panya.